Mfuko Uliokuja Ndani ya Buti

Unaniuliza ipi bora, Dakta Lutobeka,
kana kwamba fimbo ni mbuzi wa mnadani:
utazame meno, upapase mbavu, ulipe.
Ngoja kwanza nizipange hapa kwenye turubai,
kati ya spoku na kopo la mafuta ya mnyororo.

Hizi saba zilikuja ndani ya buti la Noa ya fedha,
meli hadi Dar, kisha barabara usiku na mchana hadi Nyakato.
Mwenye gari alikuwa anatafuta jeki.
Akakuta mfuko.
Akaniletea mimi, fundi wa baiskeli,
kwa kuwa mimi, alisema, sikatai chuma.

Igonge hii kwa ukucha. Umesikia?
Inalia kama sufuria ya harusini.
Hiyo imemiminwa: chuma kilikuwa uji,
kikaganda ndani ya kalibu.
Sasa hii.
Inasema ndu, halafu inanyamaza,
kama mtu aliyejibu alichoulizwa.
Hii imefuliwa.
Babu yangu alikuwa Mrongo wa kule Buzinza,
akifua majembe kwa mawe na mivukuto,
na alipozikwa nilidhani sauti hii imezikwa naye,
mpaka ilipotoka kwenye kipande cha chuma
chenye herufi iliyo kama kibanda cha miguu miwili.
Usiniulize inasomekaje.

Lakini mgongo wako naujua, Dakta.
Ukipiga, unapinda kama mtu anayewahi ndoo iliyotoboka.
Kilichofuliwa hakisamehi.
Kosea upana wa punje ya mtama
kitakusema hadi kwenye kiwiko.
Kilichomiminwa kina huruma,
ile ya mama mkwe mbele ya wageni.

Na mipira, weupe usikudanganye.
Huu mgumu, watoto wa Luchelele wameuzamia nyuma ya mawe,
mia tano tu,
unakwenda mbali lakini ukitua haujui kusimama,
utateremka hadi majini kumsalimia kamongo.
Huu wa ngozi laini, bonyeza kwa kucha,
hukaa ulipoambiwa kaa.
Ila ulilala ziwani miezi mingapi?
Maji huingia taratibu, kama deni.
Mpira uliolowa moyo huanguka
hatua kumi kabla ya nia yako.

Vijiti vya mianzi nakupa bure, viko thelathini na viwili,
hakuna hata kimoja kilichopinda; nimevihesabu mara mbili
kwa kutoamini.
Taulo lina korongo wawili pembeni.
Mke wangu ameshalichukua.

Glovu siuzi.
Ni ya mkono wa kushoto, ndogo,
wangu unaishia kwenye vifundo.
Imekauka vidole vikiwa vimekunjwa,
bado imeshika kitu.
Na kwenye mfuko wa pembeni mlikuwa na kadi,
namba za penseli: nne, tano, nne, sita,
hadi shimo la kumi na tatu.
Matano yaliyobaki, weupe.
Labda mvua. Labda aliitwa nyumbani.
Sisi mvua ikitoka ziwani
tunajibanza chini ya jiwe, ikipita tunaendelea.
Sijui wao hufanyaje.

Basi chukua zilizomiminwa, laki mbili na nusu,
na mishikio nitakubadilishia, hiyo imekauka,
itakuchubua viganja kabla ya shimo la tatu.
Laki mbili? Dakta, hata bei ya sindano hatubishani hivi.

Zile nyingine ziache ukutani.
Usiku nikishafunga naishusha namba saba,
naiweka sikioni, naigonga mara moja,
ndu,
na kutoka chumbani mke wangu anauliza
ni nani huyo anayebisha hodi saa hizi.