Imepita Moja

Reli waliing'oa mwaka nilioolewa.
Ilikuja barua moja kutoka Lisbon, kisha malori,
wakatuachia kokoto na ukimya wenye upana wa mita tatu,
unaokata bonde letu kama mstari wa kiganja.
Miaka thelathini miiba ilitawala.
Halafu manispaa ikaleta katapila, ikashindilia changarawe,
ikachomeka kibao: baiskeli na miguu, basi.

Nami nikajifunza kuendesha nikiwa na miaka sitini na mmoja,
nyuma ya kanisa, jioni, watu wasinione,
binamu yangu Aniseto akishika kiti na kunidanganya
kwamba bado ameshika.

Leo tumetoka umande haujakauka.
Hakuna honi. Hakuna lori la magogo la kukusukumia mtaroni.
Kuna mnyororo wa Aniseto tu, unalia kwi, kwi,
kwa kuwa ameupaka mafuta ya zeituni
na anaapa kwa watakatifu wote kuwa yanatosha.

Treni za zamani hazikuiweza milima;
ziliiomba njia kwa adabu, zikazunguka,
zikapanda kidogo kidogo kama mtu anayekuja kukopa.
Magoti yangu yanamshukuru mhandisi
ambaye jina lake halikumbukwi na yeyote.
Kushoto mizabibu imekwezwa juu ya nguzo za mawe,
kulia ghala za mahindi zimesimama kwa miguu minane
panya wasipande. Kabichi za Deolinda zina shingo ndefu,
zinachungulia juu ya ukuta kujua nani anapita.
Naye Deolinda anachungulia vilevile.
"Zulmira! Utavunjika nyonga!"
"Nikivunjika, nitavunjikia njia nzuri!"

Handaki.
Baridi inatushika masikio. Tone. Tone.
Ukuta ungali mweusi; kidole kikiugusa
kinatoka na masizi ya safari za watu
waliokwenda Ufaransa na masanduku ya kadibodi
wakarudi kila Agosti, na lafudhi.
Aniseto anapiga kengele, ting,
handaki linamjibu mara tano.
Mtu mzima wa miaka sabini: anapiga tena.

Halafu mwanga, na kivuko, na kile kibanda.

Hapa baba alishika bendera nyekundu miaka ishirini na sita.
Hapa alinichapa, mara moja tu maishani,
kwa sababu nilitembea katikati ya reli
mikono nimeitanua, najifanya gari moshi.
Hakusema neno. Mkono wake ulitetemeka kuliko mimi.
Usiku nilimsikia akimwambia mama: dakika mbili.
Dakika mbili tu, Ermelinda.

Sasa kimepakwa chokaa. Pale alipotundika kofia
pana pampu ya magurudumu, imefungwa kwa cheni isiibwe.
Vijana wawili wa Kiholanzi, mapaja yameiva jua,
wananiuliza kwa ishara kama maji ya bomba yanafaa.
Nakunywa kwanza mimi; ndilo jibu.
Najaza upepo gurudumu la mbele. Nasikiliza.
Hata leo nyayo zinangoja mtetemo kutoka chini.
Hauji. Anavuka konokono, bila bendera.

Aniseto amepiga magoti, anagombana na mnyororo. Simngoji.
Napita katikati kabisa, pale palipokatazwa,
naachia mkono mmoja.
Wa pili siuachii; si mjinga wa kiasi hicho.

Baba alikuwa na daftari. Kila treni ilipopita
aliandika dakika, na kama imechelewa, kwa nini,
hata ile miaka ya mwisho
ambapo hakuna aliyekuja kulikagua.
Nasimama penye kona. Natazama saa. Nasema kwa sauti:
saa nne na dakika kumi na saba. Imepita moja.

Mbali nyuma yangu, kwi, kwi, kwi.

Saa nne na dakika ishirini na tatu.
Ya pili. Imechelewa.
Sababu: mafuta ya zeituni.