Maelezo kwa Mheshimiwa Mbodze, Kabla ya Jumanne

Mheshimiwa,
uliniambia jana pale ngazini, viatu mkononi:
"Niandikie kama unayemwomba jirani chumvi.
Kiswahili cha mawakili kinanipa kiungulia."
Basi nimeketi. Ofisi ya utafiti, saa tatu usiku,
feni imekufa tangu Idi, Malindi nzima yanuka mvua isiyonyesha,
na Mswada wa Njia za Ufuoni umelala wazi mezani
kama ng'onda.

Marekebisho ni matatu.

La kwanza lagusa kifungu cha saba.
Mswada unataka njia iwe na upana wa mita tatu.
Mwenzako wa upande ule anaomba "tatu" ifutwe
na mahali pake iwekwe "moja".
Sikutaka kukuandikia hewa. Nilishuka hadi nyuma ya soko la zamani
nikapima mkokoteni wa madafu wa Fondo:
mita moja na robo,
bila viwiko vya Fondo.

La pili ni lenu wenyewe, kifungu cha tisa:
"Afisa anaweza kuamuru ukuta ubomolewe."
Mnataka "anaweza" litoke, "sharti" liingie.
Usidhani ni neno la kupamba.
Anaweza bado amejilaza, akipenda atainuka.
Sharti keshavaa viatu.
Lakini jiandae, watakuuliza:
asipoamuru, nani wa kumshtaki,
na pesa za nyundo zitatoka fungu gani?
Jibu la nyundo mimi sina. Jedwali la bajeti liko kimya.

La tatu limejibanza kwenye kifungu cha kumi na mbili,
nyuma ya maneno marefu, kama mtoto aliyevunja bilauri.
"Mwenye kiwanja na kaunti watatunza lango na kulifungua."
Pendekezo: "na" iwe "au".
Basi.
Herufi mbili kwa herufi mbili, karatasi haiongezeki uzito.
Lakini sahani wakiambiwa waoshe Dama na Riziki, zitaoshwa.
Waambie Dama au Riziki,
kisha njoo asubuhi uhesabu nzi.

Kanuni hainiruhusu kukushauri kura.
Nilikuwa nimeandika hapa juu ya uchochoro mmoja
aliopita mama yangu na ndoo, kuteka mchanga wa kusugulia masufuria,
na siku alipokuta geti, na mbwa, na kibao cha lugha asiyoijua.
Nimeufuta mstari huo. Haukuwa utafiti.

*

Jumanne.
Hukuyafungua makaratasi yangu. Ulisimama,
ukatoa mkobani futi ya fundi cherehani.
"Bwana Spika, naomba ruhusa nikipime kiti chako."
Kicheko. Sajini akakushikia ncha.
"Mita moja na robo. Kiti chako, Bwana Spika,
ufuoni hakifiki."
La kwanza likaanguka hata aliyelileta akacheka.
La pili likapita, nyundo itajulikana mbele ya safari.

La tatu lilisomwa saa saba kasoro dakika kumi,
harufu ya pilau ikipanda kutoka kantini,
nusu ya waheshimiwa wakiwa na mguu mmoja mlangoni.
Wanaokubali?
Ndiyo, za watu wenye njaa.
Wanaokataa?
Kiti kimoja kilikwaruza sakafu.
Nilikutafuta kwa macho kutoka meza ya makarani.
Ulikuwa unakunja futi yako,
wangali wanakushika mkono.

Leo nimepiga chapa nakala safi.
Mita tatu zipo. Sharti lipo.
Fondo atapita na mkokoteni, na viwiko, na mizaha yake,
na mwanawe akisukuma nyuma.
Akifika langoni
atabisha kwa mwenye kiwanja
au kwa kaunti.