Sarafu Ubavuni

Saa tisa na dakika ishirini usiku, Halifax,
mvua ikiganda kabla haijafika chini,
ukaja mlangoni kwangu bila kofia, Delphis,
ukasema: "Nimeigusa."

Hukusema nimeigonga.
Neno lako lilitembea kwa ncha za vidole,
nami nalijua neno hilo, tumelelewa pamoja.

Tukatoka. Mashine ya kupakia ilikuwa bado imeinua shingo,
taa yake ya manjano ikizunguka, ikizunguka,
na nyuma ya mlango wa shehena, chini ya mstari wa buluu,
rangi ilikuwa imekwaruzwa upana wa ukucha.
Ukucha tu.
Msimamizi Gillis akaumulika kwa simu yake, akacheka:
"Paka angefanya zaidi."
Ndani ya makontena, kamba koche tani kumi na nane,
magando yamefungwa mpira, wamelazwa kwenye magazeti yaliyolowa,
wakisubiriwa Incheon kwenye karamu za watu wasiotujua.
Kila saa ya kuchelewa ina bei, na Gillis huikariri
kama mtoto na jedwali la saba.

Zama za bati, jicho lilitosha.
Bati hukiri: likipigwa hubonyea,
kovu lake huliweka mbele za watu.
Ngozi hii ni nyuzi za kaboni, tabaka juu ya tabaka,
nayo ina tabia mbaya ya watu wazima:
ikiumizwa hurudia umbo lake, hutabasamu,
jeraha likaenda kukaa ndani.

Nikavua glavu. Nikatoa sarafu ya dola,
ile yenye ndege wa ziwani mgongoni,
nikaanza kugonga. Ndege akamgonga ndege.
Ti. Ti. Ti.
Sauti kavu, safi, kama meno yenye afya.
Ti. Ti.
Ulisimama nyuma yangu, sikukusikia ukipumua.
Ti.
Tu.

Nilirudia ili nawe usikie. Tu. Tu.
Kama kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.
Nikachora kwa kalamu ya nta mpaka wa ule ukimya:
ulianzia kwenye ukucha, ukavuka mbavu mbili za ndani,
ukaishia mbali, upana wa sinia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Walikuwa na ardhi chini yao.
Futi elfu thelathini na saba juu, nani ana matofali?

Gillis akaleta fomu na kalamu.
"Rhoda, safari moja tu. Watatengeneza kulekule."
Safari moja tu.
Nikaisikia tena ile sauti.

Nikuambie jambo, maana nilikuwa na umri wako:
mwaka wa tisini na nne, Gander, niliweka sahihi.
Mkwaruzo, theluji, rubani anatazama saa.
Haikuanguka. Usingoje ianguke.
Iliruka ikatua, ikaruka ikatua, miaka kumi na mmoja,
hadi walipoikatakata vyuma chakavu jangwani,
na hakuna aliyejua.
Ni mimi tu niliyekuwa ndani yake kila safari.

Nikaandika: HAISTAHILI KURUKA.
Herufi mbovu, mkono umekufa ganzi.

Makontena yakashushwa, kamba wakarudi kwenye lori la Eisnor,
mia mbili na kitu walikufa kabla ya adhuhuri.
Wewe uliitwa ghorofani, ukanyang'anywa funguo wiki mbili.
Sijui kama hiyo ni haki. Sikuulizwa.
Ila kwenye ripoti, mstari wa mwisho ambao hausomwi na mtu,
niliandika: "Taarifa ilitolewa na aliyegusa,
ndani ya dakika nne."

Kulipokucha ile sarafu ilikuwa bado kiganjani,
imeniachia alama ya bawa.
Nikaenda nayo kununua kahawa, haikutosha.
Senti themanini ulinipa wewe.