Yasiyoingia Katika Kumbukumbu

Mimi ni karani wa baraza la mji wa Brannock, Ohio.
Kazi yangu ni kuandika nani kasema, nani kaunga mkono,
ndiyo ngapi, hapana ngapi.
Kura sina. Nina kalamu,
na kiti chenye mguu mmoja mfupi
nilichokiwekea kabrasha la bajeti ya mwaka juzi
kisiyumbe.

Usiku ule ajenda ilikuwa na jambo moja.
Kampuni ya majokofu inakitaka kiwanja cha kiwanda cha vioo,
na msamaha wa kodi, miaka kumi na mitano.
Ajira mia mbili na kumi, walisema.
Wakarudia: mia mbili na kumi,
kama mtu anayehesabu chenji
mbele ya mwenye duka asiyemwamini.

Mwanasheria wao alivaa koti la rangi ya wingu.
Mpole. Hakumtisha mtu.
Alitaja tu, kama anayetaja hali ya hewa,
kwamba mji wa ng'ambo ya mto
umeahidi ishirini.

Bi Verna Hrabovsky, mwalimu wa hesabu mstaafu,
alikuja mbele na ndoo mbili za plastiki.
"Hizi zinakaa darasa la tatu, chini ya paa.
Leo nimeziazima.
Kodi mnayoisamehe ndiyo paa lenyewe.
Nani atawasamehe watoto mvua?"

Nikaandika: Mwananchi alitoa maoni kuhusu majengo ya shule.

Kisha Cleophus Tubbs, aliyekuwa fundi wa tanuri,
goti moja la chuma, kofia mkononi.
"Kile kiwanja kitupu kinalipa kodi gani?
Mnasamehe nini pale? Magugu?
Mwanangu yuko Texas. Namwona kwenye simu,
kichwa na mabega, kama picha ya kitambulisho."

Ukumbi uliwapigia makofi wote wawili,
na mikono ilikuwa ileile.

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone.
Huyu alibisha hodi akiuliza kwanza
mwenyeji atamtibu kwa kiasi gani.
Lakini pia husemwa mkono mtupu haulambwi,
na mkono wetu, jamani,
umekuwa mtupu tangu tanuri lizimwe.

Nikamkumbuka Anselmo, mshona viatu wa Mtaa wa Nne.
Miaka ishirini na sita analipa,
mwezi wa Januari, taslimu, noti zimenyooshwa kwa pasi.
Mwaka ule bomba lake lilipopasuka kwa baridi
aliomba wiki tatu.
Barua ya kumkatalia niliichapa mimi.

Mchana wa siku ile nilishuka stoo kutafuta jalada la 1998.
Kampuni ya vioo iliomba kodi isamehewe miaka kumi, la sivyo ihame.
Ikapewa. Ikakaa kumi.
Mwaka wa kumi na moja ikafunga.
Maneno yaleyale, hata "mustakabali wa pamoja" limo.
Mwandiko ni wangu, ila ulikuwa umenyooka zaidi.

Na katika miaka hiyo kumi Cleophus alinunua nyumba,
akasomesha watoto watatu.
Hilo nalo sikulipata ndani ya jalada.

Saa nne kasoro wakafika kifungu cha kurudisha fedha
iwapo ajira hazitatimia.
Palikuwa na neno "lazima".
Mwanasheria akaomba, kwa upole uleule, "inapowezekana".
Nikalikata lazima kwa mstari mmoja.
Kalamu haikukwama hata kidogo.

Ningekuwa na kura ningewapa miaka mitano, basi,
na lile lazima ningelipigilia misumari.
Hakuna aliyeniuliza.

Nne kwa tatu. Ombi limepita.
Watu walitoka wakitafuta funguo za magari,
wengine wakicheka, Bi Verna mbele yao wote.

Ndoo zilibaki kando ya kipaza sauti.
Nikazipanga moja ndani ya nyingine.
Nje ilikuwa imeanza kunyesha,
na shule iko mitaa sita kutoka pale,
na ufunguo wake sina.