Dakika Thelathini

Raushan alinivua pete kabla hajaniambia jina lake.
"Kabati namba kumi na moja," akasema. "Na hereni,
na saa, na hayo madaha ya mtu aliyesomea Moscow."
Nje, Almaty ilikuwa imezama kwenye theluji ya Februari,
milima imejifunika shuka hadi kooni.
Mimi, Togzhan, mwenye shahada mbili,
nimesimama na soksi kwenye sakafu baridi
nafundishwa kuvaa.

"Kuvaa kila mtu anajua," akasema.
"Kuvua ndiyo elimu."

Kwanza akanishusha chini, chumba cha wanafunzi:
meza wazi, chachu ya mkate
inafoka taratibu ndani ya chupa.
"Ngazi ya kwanza. Mdudu wa hapa hana ugomvi nawe.
Ila nawa mikono. Usile, usinywe,
usitafune kalamu."

Nilikuwa natafuna kalamu.

Ghorofa moja juu, mlango una alama na kufuli.
"Ya pili. Hapa wamo wa tumbo na wa ini,
wanaopita kwenye sindano, kwenye mchubuko,
kwenye kidole kilichojisahau kikagusa jicho.
Ukitaka kutikisa kichupa, kitikise ndani ya kabati
linalovuta hewa. Na taka za humu
hazitoki mbichi: tunazipika kwa mvuke
mpaka zisahau kwao."

Ya tatu ndiyo yetu.
Milango miwili isiyofunguka pamoja,
kama wake wenza wasiosalimiana.
Alishika ukanda wa karatasi penye upenyo;
ukapeperuka kuelekea ndani.
"Hewa inaingia, haitutorokei.
Siku ukiuona ukanda umelala, usiingie.
Piga kengele kwanza, maswali baadaye."
Humo mna tauni,
ile ya panya wa nyikani, ya kale kuliko reli,
imelala kwenye friji katika vichupa
vidogo kama meno ya utotoni.

"Na ya nne?"
"Hatuna. Huko watu huvaa hewa yao wenyewe,
kama wazamiaji,
maana wanachokishika mara nyingi hakina dawa.
Usiitamani. Ngazi si cheo, binti.
Namba haikupimi wewe.
Inampima mdudu: anasafirije, anauaje,
na sisi tuna nini cha kumjibu."

Machi, siku ya Jumanne, sentrifuji ilikohoa.
Mlio mdogo tu, kama kijiko kugonga gilasi.
Mkono wangu ulishafika kwenye kifuniko,
mkono wenye shahada mbili,
pale glovu mbili za Raushan zilipoukamata.
Akazima mashine. Akatikisa kichwa.
Tukatoka kinyumenyume, tukavua kwa mpangilio:
cha nje kikajikunja juu ya uchafu wake,
barakoa ya mwisho, pumzi baada yake.
Akabandika karatasi mlangoni: MSIINGIE.
Kisha akatazama saa ya ukutani.

Dakika thelathini, ili kilichopaa kitue.
Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kukaa.
Nilitaka kukimbia, nilitaka kulia,
nilitaka mtu anipe kitambaa nifute kitu.
Raushan alinieleza anavyokata tambi za nyama ya farasi,
unene wake, na kwa nini mkwewe hawezi.
Alieleza zote thelathini.

Tuliporudi na dawa, tumevaa upya,
kichupa kimoja kilikuwa na ufa,
na kikombe chake kimefungwa, mpira uko salama.
Hakikutoka kitu.
Hata hivyo tuliandika ripoti, kurasa nne,
pamoja na mkono wangu na mahali ulipokuwa.
Hata hivyo siku saba nikapima joto
asubuhi na jioni, nikaandika juu ya mlango wa friji:
thelathini na sita nukta nne,
nukta nne, nukta sita (hapo sikulala), nukta nne.

Siku ya nane mama akapiga simu kutoka Taraz.
"Habari za kazini?"
"Hakuna jipya," nikamwambia,
na sijawahi kusema neno
lililonitoa jasho kama hilo.