Hamsini kwa Mia

Tulipelekwa Joska kiangazi kimekolea,
basi la kampuni, soda ya bure, kofia ya karatasi,
na kijana mwenye viatu vilivyochongoka akinyoosha kidole:
"Hapa shule. Pale hospitali. Lami itapita hapa."
Penye shule palikuwa na mbuzi wawili.
Penye hospitali, upepo.

Nikalipa amana nikiwa na sare ya zamu mwilini,
harufu ya dawa kwenye noti.
Hati ilikuja mwaka wa tatu,
baada ya safari kumi na moja za ofisi ya ardhi
na karani aliyeniita "mama" kila alipotaka kitu.

Udongo mweusi hauna adabu.
Masika ulinivua viatu mbele ya watu,
kiangazi ukapasuka, nikatia mkono hadi kiwiko.
Fundi Musyimi alichimba futi sita akitafuta mwamba,
nami nimesimama ukingoni, namwomba Mungu mwamba uwe karibu,
maana kila futi ina bei yake.

Nyumba hii naisoma hivi:
msingi, zamu za usiku mia moja na tisa.
Kuta, mkopo wa ushirika, wadhamini watatu,
mmoja wao, Kemunto wa wodi ya watoto,
hanisalimii mpaka leo.
Linta ni ile Desemba ambayo hatukwenda Nyamira.
Mabati ni ya kijani
kwa kuwa ya kijani ndiyo yaliyoshuka bei wiki ile.
Tulihamia kabla ya vioo.
Magunia dirishani yalivuta pumzi usiku kucha,
yakavimba, yakanywea,
na fisi, au mbwa, hatukutoka kuuliza.

Maji ya kisima yana magadi.
Sabuni haitoi povu, chai ina rangi ya kutu,
lakini maharagwe, nakwambia, yanaiva mara moja.
Mutheu wa ploti ya nyuma ndiye aliyenifunza
kuweka maji ya mvua kando kwa ajili ya nywele na wageni.
Okemwa huondoka saa kumi alfajiri kuiwahi Nairobi,
hurudi taa zimezimwa.
Kwa miaka minne watoto wamemjua baba yao
kwa kikohozi chake ukumbini.

Jumamosi iliyopita akaja mtu na mashine ya kupimia,
akazunguka ua, hakukanyaga kizingiti.
Imepanda mara sita, akasema.
Okemwa akaandika nyuma ya risiti ya stima,
sifuri, sifuri, kalamu ikatoboa karatasi.

"Na nyumba?" nikauliza.

"Nyumba haimo, mama. Sisi tunajenga ghorofa saba.
Hii tutaivunja. Tena kuvunja na kusomba kifusi
tutakata kwenye bei laki mbili na nusu."

Alisema bila ubaya.
Alisema kama ninavyomwambia mgonjwa
kwamba jino halitibiki.

Mia moja na tisa. Nikaziona zimepangwa mstari
kuanzia geti hadi jikoni,
kila moja na taa yake, na kikombe chake cha chai baridi,
na mtu mmoja aliyefia mikononi mwangu saa tisa,
wote wanangoja kupakiwa kwenye lori la kifusi,
nami ndiye nitakayelipa nauli.

Okemwa akanivuta kando, macho yanang'aa
kama siku ile ya kofia za karatasi.
"Tutasogea mbele. Kule baada ya Tala, ekari nzima.
Wanasema lami itapita."

Sikumjibu.
Kwenye bikoni ya kona kuku wa Mutheu alikuwa amesimama,
mguu mmoja juu,
kana kwamba bado anapima.
Jumamosi ndiyo siku ya maji ya kaunti.
Bomba likaanza kukohoa,
nikaacha wanaume na sifuri zao,
nikaenda kutega mapipa.