Saa Kumi

"Tangu lini?" aliuliza Dokta Kaijage,
kalamu ikisubiri juu ya faili la kaki.
"Tangu mvua za vuli," mama akamjibu,
"zile zilizobomoa choo cha Mama Ngwali."
Daktari akaandika: miezi minne.
Mvua haikuingia kwenye faili.

Hatua ya pili, akasema.
Mama akauliza, hatua za kwenda wapi?
Halafu likaja neno sugu,
ambalo kwetu Buguruni ni la visigino
na la mtoto asiyesikia akiitwa.
Kumbe ugonjwa nao ukikaa sana huota sugu.

Bahasha ya vidonge: 2 x 3.
"Sita," nikasema. Mfamasia akacheka.
"Viwili, kutwa mara tatu."
Kutwa. Sikuwahi kulitazama neno hilo,
jua zima limekunjwa katika silabi mbili,
na mama analimeza kwa uji wa ulezi.

Kadi ya kliniki iliandikwa 8:00.
Tulifika saa nane, lami ya Ocean Road ikinata,
foleni ilianza na kwisha tangu saa mbili.
"Mmechelewa," akasema muuguzi.
Hakujua kwamba neno hilo
tulikwisha kupewa na mwenzake, mlango wa pili,
akiwa ameshika picha ya eksirei.

Majirani wana saa yao.
Asubuhi: kaamkaje?
Magharibi: kashindaje?
Kashinda vizuri, nawajibu,
ingawa kushinda kwake ni kule kwa kulala chali
akihesabu misumari ya dari.
Alhamisi alimaliza bakuli. Siku hiyo alishinda kweli.

Mjomba Chande akapiga simu kutoka Kisarawe:
"Vipi, kapona?"
"Hajapona."
Nilipokata simu neno likanibaki mdomoni.
Hakupona ni mlango uliotiwa komeo.
Hajapona ina ile ja katikati,
ndogo, kama mtu aliye bado njiani
anayeuliza nyumba kwa wauza chipsi.
Nimeanza kuitamka polepole,
nikiipa nafasi ya kupita.

Jana mama aliamka, feni imezimika, umeme hakuna.
"Saa ngapi?"
"Saa kumi."
"Kumi ya usiku, au kumi ya alfajiri?"
Nje kulikuwa na giza lile lile.
Nikamwambia, ya alfajiri.